Video Zilikuwa Nzuri, Kozi Ndiyo Ilikuwa Mbovu

Somo la kwanza la kozi yangu ya kwanza ya mtandaoni lilikuwa video ya dakika 52. Nilikuwa nafundisha kutunza hesabu kwa lahajedwali, yaani programu kama Excel, na video ile nilijivunia kwelikweli. Maikrofoni ilikuwa mpya, kelele zote nilizisafisha, slaidi nilizipamba hadi usiku wa manane. Waliojiunga wakanisifia: "Mwalimu unaeleza vizuri mno, kila kitu kimeeleweka." Nikavimba kichwa.

Kisha yakaja mazoezi ya mwisho wa moduli. Walioyarudisha walikuwa wachache, na hao wachache ndio walionifumbua macho. Nilikuwa nimewaambia wajumlishe matumizi ya mwezi kwa fomula. Majibu yalikuwa sahihi hadi tarakimu ya mwisho, lakini nilipobofya seli (kisanduku) ya jumla sikukuta fomula yoyote. Palikuwa na namba tupu. Watu walichukua kikokotoo, wakajumlisha pembeni, wakarudi kuandika jibu kwa mkono. Dakika 52 za kueleza fomula, na karibu wote hawakuandika hata moja. Kazi yote niliifanya mimi, wao wakanitazama nikiifanya.

Cha ajabu, dawa ya kwanza niliyoifikiria ilikuwa kurekodi video nyingine.

Kilichonizuia ni grafu. Jukwaa nililotumia lilionyesha ni wangapi bado wanatazama katika kila dakika, na mstari wangu uliporomoka mapema sana, kabla hata sijamaliza utangulizi. Nikaanza kusoma waliyoyaona wengine. Mwaka 2014 Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichapisha uchambuzi wa vipindi milioni 6.9 vya utazamaji wa video katika kozi za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Waligundua kuwa video iwe ndefu namna gani, muda wa kawaida ambao mtu anaitazama hauzidi kama dakika 6. Basi nikachukua kisu, nikaikata video yangu vipande tisa. Watu wakaanza kutoweka kwenye kipande cha tatu! Hotuba ndefu ukiikata vipande unapata hotuba fupi tisa, basi. Nalisema hili kwa sababu ushauri wa "fupisha video" ndio utakaousikia kila mahali, na peke yake hausaidii sana.

Mabadiliko ya kweli yalianza nilipogeuza mpangilio: kazi kwanza, maelezo baadaye. Siku hizi somo langu la fomula linaanza na faili bovu. Mwanafunzi analifungua anakuta orodha ya matumizi yenye jumla isiyo sahihi, na swali moja tu: kosa liko wapi? Nimeficha makosa mawili. Fomula imeishia mstari mmoja kabla ya wa mwisho, na namba moja katikati imeandikwa na nafasi ndani yake, hivyo programu inaihesabu kama maandishi na kuiruka. Wengi wanaliona la kwanza. La pili linawakera, wanazunguka nalo, wengine wananiandikia kwa hasira. Hapo ndipo wanapoifikia video ya dakika nne, na wanaitazama kama mtu anayetafuta ufunguo wake uliopotea. Maelezo ni yaleyale niliyoyatoa katika dakika 52. Tofauti ni kwamba sasa wana swali linalowawasha.

Anayeanza kabisa, ambaye hajui hata seli ni nini, usimtupe kwenye faili bovu. Huyo mwonyeshe mfano uliokamilika hatua kwa hatua, kisha mpe mfano uleule ukiwa na hatua moja tu ya kujaza, kisha mbili. Nililijua hili baada ya kuwapoteza watu kadhaa kwa kujifanya mkali.

Jambo la pili ni kurudia, na hapa nitakaa kidogo. Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na akaonyesha jinsi tunavyosahau haraka mwanzoni, kisha polepole. Kila mwalimu anajua hivyo kwa uzoefu, lakini kozi tunazipanga kana kwamba mtu akishafunzwa jambo Jumatatu, limekwisha. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini ya kusoma. Baadhi waliisoma tena, wengine wakaambiwa waandike wanachokumbuka bila kuitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma tena walifanya vizuri zaidi. Walipopimwa baada ya siku 2, na baada ya wiki, waliojilazimisha kukumbuka ndio waliokuwa mbele.

Nilichofanya ni rahisi: kila somo linafunguliwa na maswali matatu ya masomo ya nyuma, yasiyo na alama. Moja la somo lililopita, moja la wiki iliyopita, moja la zamani zaidi. Hayachukui dakika tano. Na majibu yasiyo sahihi siyabuni tena kichwani. Nayaokota kwenye makosa ambayo wanafunzi wenyewe walishawahi kuyafanya. Akichagua jibu lisilo sahihi, haoni lile neno la kuudhi "Si sahihi, jaribu tena." Anaona maelezo yanayomgusa: "Hapa inaonekana umejumlisha safu nzima pamoja na kichwa chake. Angalia fomula yako inaanzia wapi." Kuandika maelezo hayo kunachosha kuliko kurekodi video, lakini nikiulizwa saa za mwalimu wa mtandaoni ziende wapi, ningezipeleka huku.

Jiandae kulalamikiwa. Mwanafunzi mmoja aliniandikia, "Mwalimu, siku hizi hufundishi, unatupa kazi tu." Iliniuma, na nusura nirudi kwenye hotuba zangu. Kilichonituliza ni utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na Louis Deslauriers na wenzake, uliofanywa kwenye madarasa ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Wanafunzi waliofanya kazi wenyewe darasani walijifunza zaidi, lakini walijiona wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri. Kutokwa jasho kunaonekana kama kushindwa. Ndiyo maana siku ya kwanza nawaambia waziwazi: mtahangaika, na nimepanga iwe hivyo.

Kuhusu slaidi nina machache. Acha kuzisoma neno kwa neno. Richard Mayer, mtafiti wa saikolojia ya elimu, amefanya kazi ya miaka mingi kuonyesha kuwa picha ikiandamana na sauti, kuongeza maneno yaleyale kwenye skrini mara nyingi kunamsumbua msikilizaji. Manukuu, yaani maandishi ya kinachosemwa kwenye video, yabaki kwa hiari, kwa sababu asiyesikia vizuri au anayejifunza kwa lugha ya pili anayahitaji. Na ifungue kozi yako kwenye simu kabla ya kuitangaza. Nilipofanya hivyo, majedwali yangu yalionekana kama msafara wa sisimizi.

Sasa tuje kwa wanaopotea. Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walizichambua kozi za vyuo vikuu vya MIT na Harvard zilizokuwa edX, na katika mwaka wa 2017–18 waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 ya washiriki wote. Kwa waliolipia njia ya cheti, ilikuwa asilimia 46. Mtu anaweza kusoma takwimu hizo akasema dawa ni kuwatoza watu pesa. Mimi nazisoma hivi: aliyejifunga kwa jambo fulani hubaki, na pesa ni kamba moja tu kati ya nyingi. Kamba niliyoichagua ni kuanza pamoja. Zamani kozi yangu ilikuwa wazi muda wote, jiunge unapotaka, maliza unapotaka, na "unapotaka" haikufika kamwe. Sasa ina siku ya kuanza, ina siku za kurudisha kazi, na kundi dogo linalokwenda pamoja. Kwenye kundi simwambii mtu ajitambulishe na ataje anachotarajia, maana hakuna anayesoma hayo. Namwomba aweke kosa moja lililomshinda wiki hiyo. Gumzo linawaka lenyewe.

Kamba nyingine ni ujumbe. Anayenyamaza baada ya somo la pili zamani nilimtumia maneno ya kutia moyo, na hakujibu. Sasa namwandikia kwa jina lake: "Umekwama zoezi la 3? Nitumie faili lako lilivyo, hata kama ni nusu." Wanajibu. Mmoja alinieleza kwamba hakuendelea kwa sababu aliogopa kuliharibu faili nililompa. Hakujua kuhifadhi nakala yake kwa jina jingine. Alikuwa amekaa wiki mbili nje ya kozi kwa jambo la nusu dakika, ambalo mimi sikulifundisha kwa kuwa niliona kila mtu analijua. Grafu za jukwaa zisingenionyesha hilo hata zingekuwa na rangi zote za duniani.

Tangu siku ile, kila nikitengeneza somo jipya namtafuta mtu mmoja asiyejua mada, namwomba anionyeshe skrini yake akilifanya huku akisema anachofikiria, na mimi nanyamaza. Kipanya kinapozunguka bila kujua kiende wapi, naandika. Anaporudia maelezo mara tatu, naandika. Somo langu la majedwali ya muhtasari (yale yanayofupisha orodha ndefu kwa makundi, "pivot table") nimelijenga upya mara tatu kwa njia hiyo, na bado watu wanaangukia palepale, kwenye kuchagua nini kikae safu na nini kikae mstari. Wiki ijayo nina mtu mwingine wa kumtazama. Kazi ngumu ni kunyamaza: mara ya mwisho niliapa nitakaa dakika 20 bila kusema neno, nikavumilia 11.