Kabla hujamwaga lami ndani ya mkonga wako, soma yaliyonikuta

Juzi nimepata ujumbe wa dada mmoja wa Kasulu. Kanunua Land Cruiser haditopu, ile tunayoiita mkonga, na fundi kamwambia ang'oe kapeti apake lami sakafu nzima, kutu ataisikia kwa jirani tu. Ananiuliza: kaka, nikubali? Nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikanikauka. Maneno hayo nimewahi kuambiwa, nikayalipia.

Mkonga wangu hauchagui mzigo. Dagaa kutoka Kibirizi, mawese, chumvi ya Uvinza, Jumamosi watu wa harusi. Ziwa letu la Tanganyika ni maji baridi, halina chumvi, lisisingiziwe. Iliyonila sakafu ni chumvi. Mfuko mmoja ulipasuka, chumvi ikazama chini ya kapeti, na lile sponji la chini likinywa maji ya mvua halikauki leo wala kesho. Juu unakanyaga pakavu, chini bati linaliwa. Siku nilipofunua upande wa dereva nilichokoa kidogo na bisibisi, ikapitiliza. Nikaona changarawe za barabarani.

Fundi akachomelea viraka viwili na siku hiyo hiyo akapaka lami, ile ya kupaka chini ya gari, juu ya viraka na juu ya kutu iliyobaki. Iling'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Nilipiga picha, nikazirusha kila mahali. Mnaonifuata tangu zamani mnazikumbuka, na mlinipongeza.

Mwezi wa tisa jua likawaka, na mnalijua jua la Kigoma. Nikaenda kumpokea mama mkwe stesheni ya reli. Kanga mpya, doti nzima. Gari lilikuwa limesimama juani tangu asubuhi. Tulipofika Mwanga akanyanyuka kushuka, pindo likagoma. Akalivuta taratibu, likaja na utepe mweusi mrefu, unarefuka tu, haukatiki. Akautazama, akanitazama.

"Mkwe, gari lako linatoa mlenda?"

Hakupandisha hata sauti. Heri angenigombeza.

Baadaye dumu la mawese likavuja usiku kucha. Mafuta na lami ni ndugu, yakikutana lami inalegea, na asubuhi nilikuta uji mweusi siti za nyuma. Lakini kilichoniuma zaidi ni watu wa mradi mmoja waliokuja kukagua gari wakitaka kulikodi. Walifungua mlango, harufu ikawapokea, wakafunga. Waliondoka kwa adabu sana. Siwataji, ila hadi leo nikiona gari walilokodi badala ya langu linapita, nageukia upande mwingine.

Kuikwangua ile lami sitaisimulia. Mafuta ya taa, spachula, siku nne, basi.

Mara ya pili nilifanya mwenyewe na kijana mmoja wa kunisaidia. Tuling'oa siti zote. Burashi ya waya mpaka bati likacheka, na vishimo vilivyokataa nikavipaka dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, inayogeuza kutu kuwa nyeusi na ngumu. Nikaosha, nikaacha pakauke kabisa, nikafuta na thina. Kisha praima, yaani rangi ya kwanza, ya epoksi ya makopo mawili yanayochanganywa. Redoksaidi, ile praima nyekundu, peke yake hapana. Inanyonya maji, ni kama kuvaa sweta kwenye mvua. Epoksi ilipokauka nikaiparuza kwa msasa, ndipo nikapaka rangi ya poliurethani, ile ngumu yenye vipunje wanayopaka kwenye bodi la pikapu, nayo ni rangi na hadina, dawa ya kuigandisha. Nikapaka mara mbili, nyembamba. Wiki nzima sikupakia mzigo.

Hadina hiyo ina isosianeti, kemikali inayodhuru mapafu. Ukipuliza kwa kompresa unaivuta kifuani, na kitambaa puani hakizuii kitu. Paka kwa brashi, vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, fanyia nje, mwenye pumu akae mbali kabisa. Na vile vizibo vya mpira vya kutolea maji sakafuni usivipake! Mimi nilikizika kimoja, nikaja kukitafuta kwa kisu. Matundu ya bolti za siti na mikanda yabandike solotepu.

Mwenye Land Rover 110 asininukuu kwa kila kitu. Sehemu kubwa ya bodi lake ni alumini, lakini pale unapoweka miguu mbele ni chuma, na viwili hivyo vikigusana penye maji ya chumvi ndipo panapooza. Alumini nayo ina praima yake.

Poliurethani ina kero pia: vile vipunje vinashika magamba ya samaki, itabidi usugue. Mimi nimekubali. Kapeti sikurudisha, nimetandika mipira, na kila Jumapili naitoa naosha. Watu wananiambia gari limekuwa kama trekta. Sawa. Lina kazi, lao lina kapeti.

Vijana mnaotaka tenda za kukodisha magari, tuambiane ukweli. Tunapenda kung'arisha. Gari linaoshwa nje mpaka taa zinameremeta, ukifunua kapeti unakutana na aibu. Tunamlipa fundi afiche, halafu tunamlaumu kwa kuficha. Mimi nilikuwa wa kwanza.

Dada wa Kasulu, mwambie fundi akuonyeshe bati tupu kabla ya kopo lolote kufunguliwa. Akinuna, lami yake akapake chini ya gari, huko ni pake.

Mama mkwe alipanda tena mwezi uliopita. Alisimama mlangoni, akagusa sakafu kwa kidole, akakinusa, ndipo akakusanya kanga yake akaketi.