Fyekeo la Mpini Mrefu: Anza na Makali

Karibu kila anayekuja kujifunza kukata nyasi kwa fyekeo huanza na maswali ya mikono: nishike wapi, nizungushe vipi, nitie nguvu kiasi gani. Yote yana majibu, na nitayafikia. Ila kinachoamua kama utaipenda kazi hii au utaitupa kabla jua halijapanda ni makali. Nimewaona vijana wenye vifua vipana wakihema baada ya hatua chache, na wazee wembamba wakikata asubuhi nzima huku wakipiga soga. Ukiwabadilishia mafyekeo, hali hugeuka. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na katika kazi hii msemo huo hauna fumbo lolote ndani yake.

Fyekeo ninalolisemea hapa halifanani na mundu wa kuinamia wala kwanja la kupigia. Lina ubapa mrefu uliopinda, mwembamba, uliofungwa kwenye mpini unaokaribia kimo cha mtu, na mpini una vishikio viwili. Unafanya kazi ukiwa umesimama wima na ubapa unateleza juu ya ardhi. Kuna aina kuu mbili. Ya Austria na nchi jirani zake hufuliwa kwa nyundo hadi iwe nyembamba na nyepesi, na makali yake hurudishwa kwa nyundo hiyohiyo. Ya Uingereza na Marekani ni nzito na ngumu zaidi, na makali yake husagwa kwa jiwe. Kwa mwanafunzi napendekeza ya kwanza bila kusita: ni nyepesi, inasamehe mengi, na inakufundisha kukisikiliza chuma.

Chagua ubapa wa sentimita 60 hadi 65. Ubapa wa 80 au 90 unavutia macho, na kwenye uwanda tambarare ulio wazi ni furaha tupu, lakini kila sentimita ya ziada ni makali zaidi ya kutunza na ncha iliyo mbali zaidi na mkono wako. Ule mfupi na mnene, wa sentimita 50 au chini, ni wa vichaka, mitaro na kuzunguka mashina ya miti.

Mpini lazima ukutoshe wewe. Simama wima, uweke pembeni mwako: kishikio cha chini kiwe usawa wa nyonga, kwenye kile kifupa kinachotokeza kando. Kutoka hapo hadi kishikio cha juu uwe urefu wa mkono wako kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Ukiazima fyekeo la mtu mfupi utaishia kuinama, na mgongo utalalamika jioni. Watu wengi huamua kwamba kazi hii inaumiza mgongo, kumbe walikuwa wakikata kwa mpini wa mtu mwingine.

Ubapa hufungwa kwa pete yenye skrubu, na pembe unayoufungia ina maana kubwa. Simama mbele ya ukuta au mti, gusisha kisigino cha ubapa, yaani ule upande mpana ulio karibu na mpini, uweke alama hapo. Bila kusogeza miguu, zungusha fyekeo mpaka ncha ifike mahali palepale. Ncha iguse upana wa vidole viwili au vitatu chini ya alama. Ikigusa juu ya alama, ubapa umefunguka mno na utakuwa unachukua nyasi nyingi kuliko unavyoweza kuzikata. Kisha uweke ubapa chini kama unavyoushika ukifanya kazi: tumbo lake lipumzike ardhini na makali yawe juu kwa milimita chache. Makali yakiangalia udongo, tia kabari ndogo ya mbao au ngozi kati ya mpini na kikonyo cha ubapa, yaani ile sehemu inayofungwa kwenye mpini. Usikubali kuanza kabla hili halijakaa sawa.

Sasa makali yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Kuna kufua na kuna kunoa, na mwanafunzi asipotenganisha mambo haya mawili atahangaika bure. Kufua ni kupiga ukingo wa ubapa kwa nyundo juu ya fuawe ndogo, chuma kikiwa baridi, ili ule utepe wa milimita mbili au tatu za mwisho usukumwe kwenda nje na uwe mwembamba kama karatasi. Kunoa ni kupitisha kinoo juu ya ukingo huo shambani, kila baada ya dakika chache. Kinoo hakiwezi kufanya kazi ya nyundo. Ubapa ambao haujafuliwa utaunoa hadi mkono uchoke, na bado utakuwa na bega nene linalokataa kuingia kwenye nyasi.

Fuawe hupigiliwa kwenye kigogo. Unakaa, unalaza ubapa mapajani, unausogeza polepole kutoka kisigino kuelekea ncha huku nyundo ikishuka mahali pamoja. Kwa anayeanza kuna kifaa chenye kijiti cha katikati na kofia mbili za chuma. Unaweka ukingo chini ya kofia, unaigonga, na kofia inahakikisha pigo linatua panapotakiwa. Kofia ya kwanza inasukuma chuma, ya pili inakimalizia ukingoni. Wapo mafundi wanaokidharau kifaa hiki. Mimi nawaambia wanafunzi wakitumie bila aibu mpaka masikio yao yazoee mlio wa pigo zuri, ndipo wahamie kwenye fuawe tupu.

Kabla ya kuanza, paka ukingo wino wa kalamu nene. Nyundo inapopita, wino unafutika, na utaona wazi ni wapi umegonga na ni wapi umeruka. Mapigo yawe mepesi, mengi, yanayofuatana kwa karibu. Pigo zito mahali pamoja hurefusha ukingo kuliko chuma kilicho nyuma yake, na ukingo hufanya mawimbi. Mawimbi hayo ndiyo mwanzo wa nyufa. Ukiona ufa, usiendelee kukata. Utengeneze kwa tupa mpaka uwe shimo dogo la mviringo, kisha ulifue taratibu kila mara hadi liishe.

Utajuaje umefika? Bonyeza ukingo kwa ukucha wa dole gumba kutoka upande wa chini, ukiutembeza taratibu. Chuma kilichofuliwa vizuri kitainuka kidogo juu ya ukucha, na utaona kivimbe chepesi kikisafiri pamoja nao. Kama ukingo haujali ukucha wako, rudi kwenye fuawe. Kazi hii hurudiwa baada ya saa nne hadi nane za kukata, kulingana na nyasi na mawe uliyokutana nayo. Na kamwe usipeleke ubapa wa namna hii kwenye mashine ya kusaga inayotoa cheche. Joto likigeuza ukingo kuwa wa buluu, ugumu wa chuma umeondoka na hautarudi.

Kunoa ni rahisi zaidi, lakini ndiko watu wanakojikata. Tazama watakaokuja na bandeji kidoleni: wengi wao hawakujikata wakifyeka, walijikata wakinoa. Simamisha fyekeo, mwisho wa mpini chini na ubapa juu usawa wa kifua. Futa ubapa kwa shada la nyasi, ukifuta kutoka upande wa mgongo. Mkono wa kushoto ushike mgongo wa ubapa karibu na ncha, dole gumba likiwa nyuma kabisa. Kinoo kiwe kimelowa. Wakulima wa Ulaya tangu zamani walikining'iniza kiunoni ndani ya pembe ya ng'ombe yenye maji, na mpaka leo sijaona chombo kinachokishinda. Anza kisiginoni, kinoo kikilala karibu bapa juu ya chuma, kikitoka mwilini mwa ubapa kuelekea nje ya makali: mara moja juu, mara moja chini, ukisogea kuelekea ncha. Usikandamize. Na usiishie njiani. Wanaoanza karibu wote huzinyima sentimita kumi za mwisho, ilhali ncha ndiyo inayoingia kwenye nyasi kwanza.

Noa kila baada ya dakika tano hivi. Ukijiona umeanza kutia nguvu, umekwisha kuchelewa. Mapumziko hayo mafupi ya kinoo ndiyo pia pumzi yako, kwa hiyo usiyaonee uchungu.

Haya, mikono. Simama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, magoti yamelegea, mgongo umenyooka. Ubapa uko chini upande wa kulia. Hamisha uzito kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto, kiwiliwili kigeuke, na mikono ifuate tu. Ubapa unachora upinde mbele yako kutoka kulia hadi nyuma kidogo ya kushoto, ukiwa ardhini muda wote, hata unaporudi. Nyasi zilizokatwa zinabebwa na ubapa na kulazwa kushoto kwa mstari. Kisha hatua ndogo, sentimita tano hadi kumi, na upinde mwingine. Toa pumzi wakati wa kukata, ivute wakati wa kurudi.

Kosa ninalolisahihisha kuliko yote ni la kupiga. Mtu anainua fyekeo na kulirusha kwenye nyasi kama anakata kuni. Nyasi zinalala, ncha inachoma udongo. Makali haya hukata kwa kuteleza. Ubapa lazima usafiri kwa urefu wake, ukipita kwenye shina kama kisu kinavyopita kwenye mkate. Ukiona ncha inachimba, kisigino cha ubapa kimeinuka: teremsha mkono wa kulia. Ukiona umebakiza visiki virefu mwishoni mwa kila upinde, unauinua ubapa mapema. Na ukishikwa na tamaa ya kuchukua nyasi nyingi kwa mkato mmoja, punguza hadi sentimita tatu, mpaka kila mkato utoke safi. Kasi inakuja yenyewe.

Kuhusu kasi, hesabu ya zamani huko Uingereza ilikuwa ekari moja kwa siku kwa mkataji hodari. Usijipime nayo mwaka wako wa kwanza. Kule Kupres, Bosnia na Herzegovina, wakataji hushindana kila mwaka mwezi Julai, desturi ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2020. Hata huko hawapimwi kwa muda peke yake. Juhudi na kiasi cha nyasi walizokata pia huhesabiwa. Hicho ni kipimo ninachokiheshimu.

Kata alfajiri, umande ungali kwenye majani. Shina lililojaa maji linasimama imara mbele ya makali, na umande unalainisha ubapa. Nyasi hizohizo saa sita mchana zimenyauka, ngumu kama nyuzi za kamba, zinainama badala ya kukatika. Kwa kujifunzia tafuta nyasi laini zilizosimama, zinazofika magotini. Nyasi fupi za bustani zinaonekana rahisi, kumbe zinadai makali na udhibiti wa fundi. Nyasi zilizolala zishambulie kutoka mahali ambapo zinainamia mbele yako au kushoto kwako. Zikikuinamia wewe, ubapa utapita juu ya migongo yao. Kwenye mteremko, tembea ukikata mlima kwa upana, upande wako wa kushoto ukiwa bondeni, ili nyasi zianguke kule zinakotaka kwenda.

Ukipewa uwanda wa maua ya porini kuukata, fahamu kwamba unafanya zaidi ya kupunguza nyasi. Subiri mimea mingi iwe imeangusha mbegu. Acha nyasi zilale siku chache juani, zigeuzwe, mbegu zilizobaki zidondoke, kisha ziondoe zote. Zikiachwa zioze pale, udongo unanenepa, majani yenye nguvu yanatawala na maua yanatoweka mwaka baada ya mwaka. Anza katikati na kuelekea pembezoni, ili vyura, panya na vifaranga wawe na njia ya kutokea. Fyekeo linaenda polepole kiasi cha kuwaona, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kulichagua mahali kama hapo badala ya mashine.

Usalama ni mambo machache yasiyo na mjadala. Mtu yeyote akae mbali nawe mita nne au zaidi. Mkikata kwa kikundi, fuataneni kwa mshazari, na wote mkate kuelekea upande mmoja. Mwenye fyekeo la mkono wa kushoto afanye kazi peke yake. Usiliache limelala nyasini hata kwa dakika moja, litundike kwenye tawi, ubapa ukiwa juu ya vichwa vya watu. Kabla ya kuingia mahali usipopajua, pita kwanza kwa miguu ukitafuta mawe, nyaya na vichuguu.

Mwisho wa siku futa ubapa ukauke, upake mafuta kidogo, ulegeze pete ili mbao ipumzike. Kila kufua kunapunguza upana wake kidogo. Baada ya miaka utakuwa na ubapa mwembamba uliochakaa, na huo usiutupe: kwa nyasi laini za kuzunguka miti hakuna unaoufikia kwa wepesi.