Kujaribu kujiua si kosa tena Kenya

Je, kijana aliyejaribu kujiua anaweza kushtakiwa? Hapana, hashtakiwi tena. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichotoa kifungo cha hadi miaka 2, faini au vyote viwili, kilibatilishwa na Mahakama Kuu hapa Nairobi Januari 2025. Jaji Lawrence Mugambi alisema kinakiuka Katiba, kwani kinamwadhibu mtu kwa sababu ya afya yake ya akili. Kumsaidia au kumshawishi mwingine ajiue bado ni kosa, hilo halikuguswa.

Najua haya kwa sababu najitolea na kikundi cha vijana huku Kayole, na woga wa polisi haujaisha. Mama anafika kasualti na mwanawe, anamwambia muuguzi kijana aliteleza bafuni. Daktari anashona kidonda, anaandika dawa ya maumivu, wanarudi nyumbani, na hakuna aliyemuuliza huyo mtoto amekuwa akilala vipi. Tafadhali semeni ukweli hospitalini. Hakuna wa kuwafunga.

Na wanasiasa wakija kuomba kura, msiwaache waseme tu "vijana, vijana". Afya imegatuliwa, na Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa 2022 inazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Muulizeni mwakilishi wadi wenu: zahanati yetu ina mshauri nasaha, au kila kijana lazima apande matatu hadi Mathari, hospitali ya kitaifa ya afya ya akili? Mshahara wa mshauri huyo uko wapi kwenye bajeti?