Kuomba shahada ya fiziotherapia ukiwa Mwanza
Ndugu, umeuliza kama binti yako aliyemaliza kidato cha sita hapo Nyamagana kwa mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) anaweza kusomea fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono, na kama fizikia itamlemea. Anaweza, na mchepuo wake ndio hasa unaotakiwa. Maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja, ingawa vigezo vya kila programu hutolewa katika kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Chuo Kikuu cha KCMC, Moshi, ni miongoni mwa vinavyotoa shahada hiyo ya miaka 4. Mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, huombwa kando.

Kitakachomchosha zaidi ya fizikia ni anatomia, kwa kuwa itambidi ajue kila msuli unaanzia wapi, unaishia wapi na unaendeshwa na neva ipi, la sivyo hataweza kumfundisha mgonjwa wa kiharusi kutembea upya. Kabla hajaomba, ningependa sana aombe ruhusa ya kushinda siku moja katika idara ya fiziotherapia, kwa mfano pale hospitali ya Bugando, ajionee jinsi kazi hii inavyodai nguvu za mikono, subira na mazungumzo mengi, maana wapo wanaoichagua kwa sababu tu wamekosa udaktari, na wagonjwa hulitambua hilo mapema.