Ghorofa zilizotokeza za George Inn

Ndugu, umeuliza kwa nini ghorofa za juu za George Inn, nyumba ya wageni ya kijiji cha Norton St Philip, Somerset, Uingereza, zimetokeza mbele ya ukuta wa chini, na kama haziwezi kuanguka. Ondoa hofu. Chini ni mawe, juu ni fremu ya mbao. Mafundi waliziacha boriti za sakafu zipite ukuta, kisha wakasimamisha ukuta wa juu kwenye ncha zake. Uzito ule hukandamiza ncha, na boriti haibonyei katikati ya chumba. Viungo vya fremu za Zama za Kati, ilipojengwa nyumba hii, hushikwa kwa vigingi vya mbao. Utamu wa useremala huo! Walioijenga ni watawa wa Hinton Priory, waliohifadhi humo sufu na kulaza wafanyabiashara wake.