Kabla hujaita watu, pima mwanga wa nyota yako

Juzi kijana mmoja wa Mbale ameniandikia: “Kaka, nimeona nova! Nitangaze wapi?” Nova ni nyota inayolipuka ghafla ikaonekana kama mpya angani. Picha yake ina nukta iliyozungushiwa duara jekundu. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Duara kama hilo niliwahi kulichora mimi.

Nilikuwa Bombo, juu ya paa, na kamera ya kuazima. Karibu na nyota ya Regulus niliona nyota nyekundu isiyokuwemo kwenye ramani yangu. Saa saba usiku nikairusha kwenye kundi la WhatsApp. Asubuhi mzee mmoja akanijibu mbele ya wote: “Hongera mwanangu, hiyo ni R Leonis, nyota inayofifia na kung'aa tena. Inajulikana tangu 1782.” Vicheko vikafuata siku nzima. Bado inaniuma, sifichi.

Ndipo nikajinyima nikanunua gretini, kioo chenye mistari 100 kwa kila milimita, kinachofungwa mbele ya lenzi. Kila nyota inaota mkia wa rangi pembeni, yaani spektra yake. Nilianza na nyota ya Vega, ambayo haidrojeni yake inaonekana kama mapengo meusi, nikajua kila sehemu ya mkia ni nanomita ngapi, yaani urefu wa wimbi la mwanga wake. Kisha R Leonis: mkia umeliwa vipande vipande na titani oksaidi, alama ya nyota nyekundu iliyopoa. Picha moja tu ingeniokoa na aibu ile!

Juni 2025 nova ya kweli, V462 Lupi, ikalipuka katika kundi la nyota la Lupus. Sikuigundua mimi, lakini huku ikweta Lupus inapita vizuri upande wa kusini, na usiku huo umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima (kwa mara ya kwanza nikashukuru). Kwenye nanomita 656.3, pale Vega ina pengo, palikuwa na kidonge chekundu kinachowaka. Haidrojeni ile ile, ila sasa inang'aa yenyewe, imerushwa na nyota kibete nyeupe (kiini kilichobaki cha nyota iliyokufa) iliyokuwa ikiinyonya gesi nyota jirani yake. Gesi ikikimbia kilomita 1,000 kwa sekunde, kidonge hicho kinasogea nanomita 2.2 hivi, na kwa kuwa gesi inatawanyika pande zote, kidonge kinanenepa. Nilimwamsha mke wangu. Alitazama, akarudi kulala.

Basi ninyi mnaotaka sifa, acheni pupa. Piga picha ya pili. Linganisha na ramani. Kisha spektra, ndugu zangu, spektra!

Na wewe wa Mbale: nukta yako imo kwenye picha moja kati ya tatu ulizotuma. Piga tena leo mawingu yakikubali. Nukta ikiwa bado ipo, gretini nitakuazima, nauli ya basi ni juu yako.