Ngazi ya chuma ya stringa mbili: kimo kwanza, cheneli baadaye

SWALI: Nachora ngazi ya chuma ya kupandia ghala dogo la juu ndani ya duka. Imenyooka bila kituo, upana mita 1, na stringa zake mbili (mihimili ya kando inayobeba vikanyagio) ni za cheneli, yaani chuma chenye umbo la U. Kutoka zege la chini hadi zege la juu ni milimita 2780. Nimegawa kwa 16 nikapata kiinuko (kimo cha kila kikanyagio juu ya kilichotangulia) cha 173.75. Chini patawekwa saruji na marumaru, jumla milimita 60. Juu zege litaachwa lilivyo. Mchomeleaji anasema cheneli yenye kimo cha milimita 160 inatosha. Nichoreje ili karakana isikosee?
Mchoraji, Mwanza

JIBU: Acha cheneli kwanza, rekebisha kimo. Marumaru zikishalazwa, kiinuko chako cha kwanza kitabaki na 113.75 huku vingine vyote vikiwa 173.75, na mguu hauvumilii tofauti ya namna hiyo. Pima kutoka sakafu iliyokamilika: 2780 toa 60 ni 2720, gawa kwa 16, unapata 170 kamili. Vikanyagio ni 15, kwa kuwa kiinuko cha 16 kinaishia kwenye sakafu ya juu yenyewe. Ukichukua hatua (umbali wa mlalo kutoka kikanyagio hadi kinachofuata) ya 280, viinuko viwili na hatua moja ni 620, mwendo wa kawaida wa mtu. Mlalo wote ni 4200, na mteremko ni nyuzi 31.3.

Kuhusu nguvu, mchomeleaji wako hajakosea. Kwa mzigo wa watu wa kilonewtoni 3 kwa mita ya mraba, cheneli ya 160 ingepinda chini ya milimita 5. Tatizo ni kikanyagio. Bamba la 300 (hatua 280, na 20 za kupishana) lililokunjwa 40 mbele na nyuma linachukua milimita 190 ukipima kwa pembemraba na mteremko. Ndani ya kimo cha cheneli ya 200 linaenea, likibakiza 5 kila upande. Kwenye ya 160, nyuma yake itachungulia nje kwa 30. Chukua ya 200, migongo yake ikitazamana, ili vyuma vya pembe vya kubebea vikanyagio vichomelewe kwenye uso bapa.

Ncha ndizo za kuchorwa kwa skeli 1:5. Juu, cheneli ya 200 ikikatwa wima inakuwa na urefu wa 234. Kama ukingo wa slabu (zege la juu) una unene wa 150 tu, 84 zitaelea hewani na bolti za chini hazina pa kushika. Hapo panatakiwa boriti ya zege ukingoni. Chini, mkato wa mlalo ni 385, kwa hiyo bamba la mguuni lisiwe fupi kuliko hapo. Unene 12, bolti za M16 (kipenyo milimita 16), matundu ya 18. Acha 20 za saruji ya kujazia chini ya bamba. Pamoja na nati, vyote vinajificha ndani ya zile 60. Pakeni rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufukia.

Stringa zichorwe zote mbili, kulia na kushoto, kila moja na alama yake. Ukichora moja na kuandika “mbili kama hii”, karakana itakutolea viatu viwili vya mguu mmoja.

Na vipimo vya vikanyagio vyote vianzie sifuri moja, yaani sehemu ileile ya kuanzia. Ukipima kufuata mteremko, kutoka kikanyagio hadi kikanyagio ni 327.57. Fundi akiruka 327 kutoka alama hadi alama, kufika ya 15 amepoteza karibu milimita 8.

SWALI: Vikanyagio nivichomelee moja kwa moja au nifunge kwa bolti?
Mchoraji huyohuyo

JIBU: Bolti. Joto la kuchomelea vikanyagio 15 huzivuta stringa zikapinda ubavuni. Tumia vyuma vya pembe 40×40×5 vyenye urefu wa 220, jumla 30. Vishikizeni vyote kwa nukta ndogo za kuchomelea, pimeni, ndipo mchomelee kikamilifu mkirukaruka juu na chini. Kila kikanyagio bolti 4 za M10, jumla 60. Kikate urefu wa 996, si 1000, la sivyo hakitaingia.